Bei ya Kutupa Mbele ya Sheria: Nafasi ya Mnunuzi Katika Kesi za Ushuru wa Bidhaa za Nje

Sokoni, "bei ya kutupa" ni maneno ya furaha. Mchuuzi akipaza sauti kwamba anauza kwa bei ya kutupa, wateja humkimbilia. Katika sheria ya biashara ya kimataifa, maneno hayohayo ni shtaka. Viwanda vya ndani hulifikisha serikalini, vikidai kwamba bidhaa fulani kutoka ng'ambo inauzwa humu kwa bei isiyo ya haki, na kuomba itozwe ushuru wa ziada. Ombi likikubaliwa, ushuru huo hulipwa forodhani na mwagizaji. Lakini aghalabu sehemu yake, na pengine wote, humfikia mtu ambaye hakuwamo shaurini: mnunuzi wa rejareja.

Katika somo hili tunaeleza kesi hizi ni za nini, huendeshwaje, mnunuzi ana nafasi gani ya kusikilizwa, na wakili anahitajika wakati gani. Hatuandiki kuvitetea viwanda wala waagizaji. Kiwanda kinachofungwa huacha wafanyakazi bila ujira, na ushuru uliotozwa bila sababu humwacha mnunuzi bila akiba. Tunachotaka ni kwamba uamuzi unapotolewa, pande zote mbili ziwe zimesikilizwa.

1. Maneno matatu ya kutofautisha

Bei ya kutupa, kwa maana ya kisheria, haina maana ya bei ndogo tu. Ni hali ambapo msafirishaji anauza bidhaa katika nchi ya kigeni kwa bei iliyo chini ya ile anayoiuzia bidhaa hiyohiyo nyumbani kwake. Bidhaa yaweza kuwa rahisi sana kwa sababu kiwanda kilichoitengeneza kina mitambo bora au umeme wa bei nafuu. Hapo hakuna kosa.

Ruzuku ni msaada wa serikali ya nchi inayouza, kama vile fedha, mkopo wa riba ndogo au msamaha wa kodi, unaokinufaisha kiwanda au sekta mahususi. Ushuru unaotozwa hapa huitwa ushuru wa kufidia ruzuku. Tofauti ni kwamba bei ya kutupa ni tendo la kampuni, ilhali ruzuku ni tendo la serikali.

Kinga ya dharura ni tofauti na zote mbili. Haihitaji mtu yeyote awe amefanya jambo lisilo la haki. Hutumika pale bidhaa za nje zinapoongezeka ghafla na kwa wingi kiasi cha kuleta madhara makubwa kwa wazalishaji wa ndani. Chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO), kinga hiyo huwekwa kwa muda usiozidi miaka 4, na hata ikiongezwa haiwezi kuzidi miaka 8. Nchi zinazoendelea zinaruhusiwa kufika miaka 10.

Wanunuzi wa Kenya wanaifahamu kinga ya namna hii kupitia sukari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya iliruhusiwa chini ya mkataba wa COMESA kuweka kikomo kwa sukari inayoingia kutoka nchi wanachama, ili sekta ya ndani ipate muda wa kujirekebisha. Muda huo uliongezwa mara kadhaa. Funzo kwa mnunuzi ni kwamba hatua ya muda inaweza kudumu miaka mingi. Kwa hiyo tarehe ya mwisho na masharti ya marekebisho ni mambo ya kuulizwa tangu siku ya kwanza.

2. Sheria zinazotawala

Nchini Kenya, Bunge lilitunga mwaka 2017 sheria maalumu kuhusu hatua hizi, na sheria hiyo ikaunda wakala wa kuchunguza malalamiko, unaojulikana kwa kifupi KETRA. Tanzania ilitunga sheria yake ya kuzuia bei ya kutupa na kufidia ruzuku mwaka 2004. Zaidi ya hizo kuna Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Machi 2004, na mikataba ya WTO iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1995.

Mnunuzi asichanganye kesi hizi na malalamiko mengine. Nyaya za umeme zinazoungua kwa kuwa ni hafifu ni jambo la Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Wauzaji wanaokula njama ya kupandisha bei ni jambo la Mamlaka ya Ushindani. Barua iliyopelekwa kwenye ofisi isiyohusika hupoteza siku, na katika kesi tunazozieleza hapa siku zina thamani kubwa.

3. Mambo yanayopaswa kuthibitishwa

Ili ushuru dhidi ya bei ya kutupa utozwe, wachunguzi hawana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba bei ya kutupa ipo, kwamba wazalishaji wa ndani wanadhurika au wanatishiwa na madhara makubwa, na kwamba madhara hayo yanasababishwa na bidhaa hizo, si na jambo jingine. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Kiwanda kinaweza kuwa kinadhoofika kwa sababu ya uongozi mbaya, mitambo chakavu au kupungua kwa mahitaji. Madhara ya namna hiyo hayapaswi kubebeshwa bidhaa za nje.

Kuna pia viwango vya chini. Mlalamikaji lazima aungwe mkono na wazalishaji wanaofikia angalau asilimia 25 ya uzalishaji wote wa ndani, na wanaounga mkono wawe wengi kuliko wanaopinga. Pengo la bei likiwa chini ya asilimia 2 ya bei ya kuuzia nje, kesi hufungwa. Vilevile kesi hufungwa kwa nchi ambayo bidhaa zake ni chini ya asilimia 3 ya bidhaa zote za aina hiyo zinazoagizwa, isipokuwa nchi ndogondogo za namna hiyo kwa pamoja zinapozidi asilimia 7.

4. Hesabu ya katoni ya vigae

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha ng'ambo kinauza katoni ya vigae nyumbani kwake kwa thamani ya shilingi 1,000, na kuisafirisha kuja kwetu kwa shilingi 800. Pengo ni shilingi 200, yaani asilimia 25 ya bei ya kuuzia nje. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha ushuru kinachoruhusiwa kwa kiwanda hicho.

Sasa tuseme uchunguzi unaonyesha kwamba ushuru wa asilimia 15, yaani shilingi 120, unatosha kuwaondolea wazalishaji wa ndani madhara. Mkataba wa WTO unasema ni vyema ushuru uwe chini ya pengo lote iwapo kiwango hicho cha chini kinatosha. Familia inayojenga nyumba ya kuhitaji katoni 60 ingebeba shilingi 12,000 kwa ushuru wa asilimia 25, na shilingi 7,200 kwa ushuru wa asilimia 15, iwapo mwagizaji atausogeza wote kwa mteja. Tofauti ni shilingi 4,800, kabla ya kodi nyingine na faida ya muuzaji.

Ndiyo maana tunasema kwamba swali la mnunuzi halikomei kwenye "ushuru uwepo au usiwepo." Liko pia kwenye kiasi gani, kwa bidhaa zipi hasa, na kwa muda gani. Mara nyingi nafasi ya kusikilizwa ni kubwa zaidi katika maswali haya madogo kuliko katika lile kubwa.

5. Kuku wa Afrika Kusini

Mfano wa kweli unatoka Afrika Kusini, ambako kuku ni kitoweo cha watu wa kipato cha chini. Wafugaji wa ndani walilalamika kwamba vipande vya kuku vyenye mifupa kutoka Brazili, Denmark, Ireland, Poland na Hispania vinaingia kwa bei ya kutupa. Tume ya nchi hiyo ya usimamizi wa biashara ya kimataifa ilichunguza, na ushuru wa muda ukatozwa kuanzia Desemba 2021.

Uchunguzi ulipokamilika, tume ilikuta kwamba bei ya kutupa ipo. Hata hivyo, Agosti 2022 waziri mwenye dhamana ya biashara aliahirisha kuutoza ushuru wa kudumu kwa miezi 12, akitaja kupanda kwa bei za vyakula. Muda huo ulipokwisha, Agosti 2023, ushuru ulianza kutozwa.

Yaangalie maslahi yaliyokuwa yakivutana. Wafugaji walisema kila mwezi wa kuchelewa ni hasara na ajira zinapotea. Waagizaji walisema ushuru ni mzigo kwa maskini. Wote wawili walikuwa na mawakili, takwimu na vyombo vya habari. Gharama ya mlo wa familia ilitajwa na kila upande, lakini mnunuzi hazungumzi vyema kwa kinywa cha mwagizaji. Mwagizaji hutetea faida yake, na siku faida yake ikipatana na bei ya juu, atanyamaza. Mnunuzi anahitaji sauti yake mwenyewe.

6. Nafasi yako ya kusikilizwa

Mkataba wa WTO kuhusu bei ya kutupa unaagiza kwamba wachunguzi wawape viwanda vinavyotumia bidhaa hiyo, pamoja na vyama vinavyowakilisha watumiaji, fursa ya kutoa taarifa kuhusu bei ya kutupa, madhara na chanzo chake, pale bidhaa inapouzwa kwa kawaida rejareja. Mkataba kuhusu ruzuku una agizo kama hilo. Mkataba kuhusu kinga ya dharura unakwenda mbali zaidi: unawapa wahusika nafasi ya kusema iwapo hatua hiyo ina manufaa kwa umma au la.

Nchini Kenya, Katiba yenyewe inasimama nyuma ya haki hizi. Kifungu cha 46 kinalinda haki za watumiaji wa bidhaa, cha 35 haki ya kupata habari, na cha 47 haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za umma.

Mwendo wa kesi kwa kawaida ni huu:

Kwanza, tangazo la kuanza uchunguzi hutolewa hadharani. Hutaja bidhaa, nchi zinazohusika, muhtasari wa madai, anwani ya kupeleka maoni na tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe ndiyo mlango. Ikipita, mlango waweza kufungwa.

Pili, wasafirishaji na wazalishaji hutumiwa hojaji, na hupewa angalau siku 30 za kujibu.

Tatu, ushuru wa muda unaweza kutozwa, lakini si kabla ya siku 60 tangu uchunguzi kuanza.

Nne, kabla ya uamuzi wa mwisho, wachunguzi huwaeleza wahusika mambo ya msingi watakayoyategemea. Hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kusahihisha kosa.

Tano, uchunguzi unatakiwa kumalizika ndani ya mwaka 1, na kwa vyovyote usizidi miezi 18.

Katika mwendo wote huo kuna jalada la umma. Siri za biashara hufichwa, lakini anayeficha anatakiwa kuacha muhtasari usio wa siri unaotosha kueleweka. Omba kulisoma jalada hilo kabla hujaandika neno.

7. Cha kuandika katika maoni

Barua inayosema tu kwamba maisha ni magumu itapokelewa na kuwekwa kando. Barua yenye uzito hujibu maswali ambayo wachunguzi wanayo mezani:

- Je, bidhaa ya ndani inapatikana kwa ukubwa, ubora na kiasi kinachohitajika? Mlichelewa kuipata kwa siku ngapi?
- Bei ya ndani ilipanda lini, na je, ilipanda kabla ya bidhaa za nje kuongezeka?
- Mnapochagua bidhaa ya nje, ni kwa ajili ya bei peke yake, au kwa sababu nyingine kama dhamana na uimara?
- Kuna aina ya bidhaa iliyotajwa katika tangazo ambayo viwanda vya ndani havitengenezi kabisa? Kama ipo, ombeni iondolewe.
- Mafundi, wenye hoteli ndogo au wakulima wanaoitumia bidhaa hiyo wataathirikaje?

Ambatisheni risiti, makadirio ya bei na barua za madukani. Risiti kumi zenye tarehe zina nguvu kuliko sahihi mia zisizo na ushahidi.

Wala si lazima maoni yenu yapinge ushuru. Wahenga walisema rahisi ghali. Iwapo mnaamini kwamba msafirishaji anashusha bei leo ili kiwanda cha pekee cha ndani kife, kisha apandishe kesho, hilo nalo ni hoja ya mnunuzi na linafaa kusemwa, mradi mlete ushahidi.

8. Msaada wa kisheria: lini na kwa nani

Mnunuzi mmoja hahitaji wakili ili kuandika maoni. Yafaa zaidi ajiunge na wenzake. Chama cha watumiaji kilichosajiliwa, ushirika wa mafundi au chama cha wenye maduka kinatambulika kwa urahisi kuliko mtu mmoja, na gharama ikigawanywa huwa nyepesi.

Wakili huhitajika mnapotaka kushiriki kikamilifu: kuomba kikao cha kusikilizwa, kupinga usiri uliopitiliza, kuchambua hesabu ya pengo la bei, kujibu taarifa ya mambo ya msingi, au kwenda mahakamani. Aghalabu atahitaji pia msaada wa mhasibu au mchumi, kwa sababu nusu ya kesi hizi ni sheria na nusu ni hesabu.

Kabla ya kumkabidhi kazi, fanyeni haya. Thibitisheni kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Mwulizeni kama amewahi kushughulikia kesi ya forodha au ya hatua za kinga ya kibiashara. Mwulizeni kama anamwakilisha mwagizaji, msafirishaji au kiwanda katika shauri hilohilo; maslahi yakigongana, tafuteni mwingine. Takeni makubaliano ya ada kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili mjue mnalipa kiasi gani mkiishia kwenye maoni na kiasi gani mkienda mahakamani. Mtu anayeahidi ushindi, au anayesema ana mtu wake ndani, mkimbieni.

9. Kwa mwenye duka anayeagiza mwenyewe

Wanunuzi wengine ni wafanyabiashara wadogo wanaochangia kontena. Kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa uchunguzi unaweza kuanza mzigo ukiwa baharini. Tunawashauri haya.

Kabla ya kuagiza, mwombe wakala wa forodha mwenye leseni akuthibitishie namba ya ushuru ya bidhaa, na kama ina uchunguzi au ushuru wa ziada. Katika mkataba na muuzaji, andikeni wazi ni nani atakayebeba ushuru mpya ukitokea. Hifadhi hati za asili ya bidhaa, kwa sababu kiwango cha ushuru hutofautiana kwa nchi na hata kwa kiwanda. Usikubali kamwe kubadilishiwa nchi ya asili kwenye karatasi ili kukwepa ushuru. Hilo ni kosa la forodha, na mwenye mzigo ndiye hukamatwa nalo.

Kumbuka pia haki ya kurejeshewa. Ushuru wa mwisho ukiwa mdogo kuliko ule wa muda uliolipwa, tofauti hurejeshwa. Na mwagizaji anayethibitisha kwamba amelipa zaidi ya pengo halisi la bei anaweza kuomba marejesho. Bila risiti na hati za forodha, haki hiyo hubaki maneno matupu.

10. Baada ya uamuzi

Uamuzi si mwisho. Ushuru dhidi ya bei ya kutupa na ule wa kufidia ruzuku hukoma baada ya miaka 5, ila mapitio yaliyoanzishwa kabla ya hapo yakionyesha kwamba madhara yanaweza kuendelea au kurudi. Kabla ya miaka hiyo, baada ya muda wa kutosha kupita, mhusika mwenye ushahidi anaweza kuomba mapitio kwa sababu hali imebadilika. Na mikataba inazitaka nchi ziwe na mahakama au chombo huru cha kupitia maamuzi haya. Muda wa kwenda mahakamani ni mfupi. Mwone wakili wiki ileile uamuzi unapotangazwa.

Maswali ya kujipima

*Bidhaa ya nje ni rahisi kuliko ya ndani. Je, hiyo ni bei ya kutupa?* Hapana. Hulinganishwa bei ya kuuzia nje na bei ya nyumbani kwa msafirishaji, si bei ya nje na bei ya kiwanda chetu.

*Bei ya kutupa imethibitishwa. Je, ushuru ni lazima?* Bado. Lazima yathibitishwe madhara na chanzo chake, na hata hapo ushuru waweza kuwa chini ya pengo.

*Tangazo limetoka leo. Hatua ya kwanza ni ipi?* Kuandika tarehe ya mwisho mahali panapoonekana, kuomba jalada la umma, na kuwaita wenzako.

Kiwanda kitakuja na hesabu zake, na msafirishaji atakuja na zake. Njoo nawe na risiti zako, mapema.